Diski ya 4K, Blu-ray ya kawaida au kustrimu, ipi ina picha nzuri zaidi ya muvi?

Ndugu na marafiki wanajua napenda muvi, na swali wanaloniuliza kila mara ni lile lile: Blu-ray ya muvi fulani ninayo tayari, sasa imetoka diski ya 4K ya muvi hiyo hiyo, niinunue tena au niachane nayo? Wengine wanakuja kwa upande wa pili, wanasema mimi nastrimu, pale kwenye app pameandikwa 4K na HDR (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi), diski ya nini tena. Nimeshazilinganisha hizi tatu kwa miaka sasa, muvi zile zile, tivi ile ile, kiti kile kile, na nilichokiona ni kwamba namba 4K ndio kitu cha mwisho cha kuangalia. Cha kwanza ni masta, yaani ile nakala mama ambayo studio inaichonga diski kutoka kwayo, cha pili ni mwanga na rangi, cha tatu ni data kiasi gani inapita kwa sekunde, alafu pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, zinafuata huko nyuma.

Nianze na mdogo wangu mana yeye ndio alinifungua macho. Siku niliyopata deki ya 4K nilimkalisha, tivi ilikuwa inchi 43, kochi liko kama mita 3 kutoka kwenye kioo, nikamwekea muvi moja kwanza kwa Blu-ray alafu kwa diski ya 4K, kipande cha mchana, jua kali, barabara, watu wanaongea. Akaniambia kaka, mimi sioni kitu, ni ile ile. Nikabisha. Nikasimamisha picha nikamwonyesha nywele, nyuzi za shati, maandishi ya kibao cha nyuma, akasogea mpaka karibu na tivi ndio akasema haya, hapa naona, akarudi kwenye kochi tofauti ikapotea. Alafu nikaweka kipande kingine, mtu yuko ndani ya pango na tochi mkononi, giza zito pembeni, na hapo bila kusogea hata hatua moja akasema hee, hii sio ile, tochi inawaka kweli. Kwenye Blu-ray ile tochi ilikuwa duara jeupe tu kama karatasi, kwenye 4K unaona kiini cha taa, unaona mwanga unavyofifia kuelekea ukutani, na mawe ya gizani yana umbo.

Sasa kwanini nywele hakuziona na tochi akaiona? Hesabu yake ni nyepesi. Blu-ray ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2, diski ya 4K ina 3840 kwa 2160, kama milioni 8, mara nne. Lakini jicho la mtu mwenye macho mazima lina mwisho wake, na kwa tivi ya inchi 43 ukikaa zaidi ya kama mita 1.7 jicho limeshashindwa kutenganisha pikseli za hiyo Blu-ray ya kawaida, kwahiyo kuongeza nyingine mara nne ni kumwaga maji kwenye mtungi uliojaa. Kwa inchi 55 mpaka huo uko kama mita 2.2, kwa inchi 65 kama mita 2.6, na ili uzione pikseli zote za 4K inabidi ukae nusu ya hapo, yaani inchi 65 kwa mita 1.3, ambako wengi hatukai. Ukiwa katikati ya hizo namba unapata sehemu ya faida, sio yote. Projekta ni habari nyingine, kioo kikiwa cha inchi 100 na kuendelea ukubwa wenyewe unakusogeza karibu, hapo 4K unaiona bila kutafuta.

Mwanga na rangi havina habari na umbali, vinakufikia ulipo.

Blu-ray ya kawaida, iliyoanza 2006, ilirithi kanuni za tivi za zamani. Picha yake inapangwa rangi kwenye kioo cha mwanga wa niti 100 (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga), na chochote kikali kuliko hapo, jua, moto, taa za gari, kinasukumwa kwenye weupe mmoja. Diski za Ultra HD, yaani hizi hizi za 4K, zilipotoka 2016 zilikuja na HDR, na mfumo wake kwenye makaratasi unaweza kubeba mpaka niti 10,000, ingawa masta nyingi zinapangwa kwa 1,000 au 4,000. Haimaanishi picha nzima iwake kama mchana, wengi wanakosea hapo, wanaweka diski ya 4K wanalalamika mbona picha imekuwa nyeusi kuliko Blu-ray. HDR iliyopangwa vizuri inaacha uso wa mtu kwenye mwanga wa kawaida kabisa, alafu inahifadhi ule ukali kwa vitu vinavyostahili, mng'ao wa panga, cheche za moto, jua likigonga maji. Mimi hicho ndicho kinachonifanya nitoe hela mara ya pili, sio nywele.

Rangi nazo. Blu-ray inatumia biti 8, kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu ina hatua 256, ukizichanganya unapata rangi kama milioni 16.7. 4K inatumia biti 10, hatua 1,024, jumla zaidi ya bilioni 1. Ukisikia bilioni unadhani ni maneno ya tangazo, ila tafuta muvi yenye anga la machweo au mtu anaogelea chini ya maji mwanga ukitoka juu, kwenye Blu-ray mara nyingi utaona ngazi ngazi, mstari wa rangi hii alafu mstari wa rangi ile kama kuna mtu amepaka kwa brashi pana, na kwenye 4K inateleza bila kukatika. Alafu uwanja wa rangi wenyewe ni mpana zaidi, karibu na ule wa sinema za dijitali, na unaouona haraka ni wekundu: gauni jekundu, gari jekundu, damu, kwenye Blu-ray vyote vinaelekea kwenye rangi ya chungwa kidogo, kwenye 4K wekundu unakuwa na uzito wake. Kijani cha bahari na cha majani mabichi pia.

Kustrimu sasa, mana hapa ndio watu wengi wako na ndio ulinganisho unaonikera nikiona umefanywa kwa juu juu. App na diski vyote vinaandika 4K, vyote HDR, mara nyingi masta ni ile ile, kwahiyo rangi na mwanga vinakaribiana sana, hilo nakubali bila ubishi. Tofauti iko kwenye data. Picha ya 4K ya muvi, fremu 24 kwa sekunde, biti 10, ikiwa haijabanwa kabisa ni karibu megabiti 3,000 kwa sekunde. Hakuna diski wala intaneti ya nyumbani ya kubeba hiyo, inabidi ibanwe. Diski ya 4K ya tabaka tatu ina gigabaiti 100 na inaruhusiwa kupeleka mpaka megabiti 128 kwa sekunde, wastani wa muvi nyingi ni kati ya 40 na 80. Tuchukue 60: hapo picha imebanwa mara 50, na muvi ya saa mbili inakula kama gigabaiti 54. Upande wa app, nyingi zinapeleka 4K kwa megabiti kama 15 mpaka 25, Netflix yenyewe inakwambia uwe na intaneti ya angalau 15. Kwa 15 picha imebanwa karibu mara 200, muvi ya saa mbili inakuja kama gigabaiti 13.5. Robo ya diski. Hizo data nyingine hazikuja kwako, na kodeki, ile programu inayobana picha, ndio inaamua nini kiachwe, na siku zote inaacha vitu inavyodhani jicho halitaviona: chenga laini za mkanda (vile vidoa vidogo vya picha iliyopigwa kwa filamu), vitu vya gizani, moshi, ukungu, mvua, maji yanayochemka, umati wa watu unaokimbia.

Ukitaka kulihakikisha hili usilinganishe mtu aliyekaa ofisini anaongea, hapo strimu na diski zinafanana kabisa na utaniona muongo. Chukua usiku wenye ukungu. Chukua vumbi la farasi. Chukua confetti zinamwagika ukumbini, hiyo ni mtihani wa mwaka kwa kodeki yoyote. Kwenye strimu utaona viboksi vinacheza cheza kwenye kona za giza, uso unakuwa laini mtu akigeuka alafu ngozi inarudi akitulia, na moshi unakuwa na kingo. Diski inapita hapo kama hakuna kitu. Alafu strimu inategemea intaneti yako saa ile, ikiyumba app inakushusha kwenye picha ya chini bila kukwambia, unaweza kuwa unaangalia kitu kilichoandikwa 4K kumbe unapewa chini ya hapo. Ipo huduma moja inayotofautiana, ile ya Sony Pictures Core inayofungua muvi za studio yao kwenye tivi zao, inaweza kufika megabiti 80, hapo kwa kweli inaingia kwenye ligi ya diski, ila uwe na intaneti ya kuibeba na uridhike na muvi za studio moja.

Kuna swali gumu zaidi ambalo watu hawaulizi: Blu-ray ya kawaida dhidi ya strimu ya 4K, nani mshindi? Nimebadilisha mawazo mara mbili kwenye hili. Blu-ray nzuri inapeleka megabiti 25 mpaka 35, yaani data nyingi kuliko strimu kwa robo tu ya pikseli, ila kodeki yake ni ya zamani, inahitaji data kama mara mbili kufikia ubora ule ule, kwahiyo faida inapungua ingawa haiishi. Nilipo leo ni hapa: kama muvi ni ya zamani, ya mkanda, yenye chenga, na HDR yake haikufanywa kwa moyo, nachukua Blu-ray, picha inatulia. Kama ni muvi ya miaka ya karibuni iliyopigwa kwa kamera za dijitali, safi, rangi kali, na masta ya HDR imetengenezwa kwa uangalifu, strimu ya 4K inaishinda Blu-ray kwa mbali hata ikiwa na makosa yake gizani. Diski ya 4K ya masta hiyo hiyo inawashinda wote wawili, hilo sina shaka nalo.

Sauti niiguse tu mana mada ni picha. Diski zinakuja na sauti isiyopunguzwa chochote, strimu inapunguza, ukiwa na spika za maana utasikia, ukiwa na spika za ndani ya tivi usijisumbue.

Turudi kwenye masta, hapa ndio pana utajiri na hapa ndio hela zinapotea. Diski ya 4K inaweza kuwa imetoka kwenye vyanzo tofauti kabisa na kava lisikwambie.

Muvi za mkanda wa filamu, yaani karibu kila kitu cha kabla ya miaka ya 2000 na vingi baada ya hapo, ndizo zinazofaidika kuliko zote, na watu wanashangaa nikiwaambia hivyo, wanadhani 4K ni ya muvi mpya. Mkanda wa milimita 35 ukiwa negativu yenyewe, yaani ule uliopita ndani ya kamera, na imetunzwa unabeba undani unaokaribia 4K, wa milimita 65 unapita. Lawrence of Arabia ni ya 1962, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 65, negativu ikaskaniwa kwa 8K na masta ikamaliziwa kwa 4K, diski ikatoka 2020, na ukiiangalia jangwani kwenye kioo kikubwa utaona mtu mdogo kama punje ya mchanga huko mwisho wa upeo na bado ana umbo la mtu juu ya ngamia. Muvi ya miaka ya sitini! 2001: A Space Odyssey nayo ni mkanda wa milimita 65, ilitoka 4K mwaka 2018. Hizi mbili ukiziona kwa diski ndio utaelewa kwamba tulikuwa tunaonyeshwa kivuli cha hizi muvi miaka yote.

Alafu kuna kundi la pili, kubwa sana, la muvi za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka katikati ya 2010 na kuendelea, zenye madoido mengi ya kompyuta. Kutengeneza madoido kwa 4K kulikuwa na gharama na muda wa ajabu, kwahiyo studio zilimalizia muvi nzima kwa 2K, pikseli 2048 kwa upana, karibu sawa na Blu-ray ya kawaida, hata kama kamera ilipiga kwa ukubwa zaidi. Diski ya 4K ya muvi ya namna hii ni 2K iliyokuzwa. Je ni utapeli? Hapana, na hapa nashikilia msimamo wangu. Mad Max: Fury Road ya 2015 ilimaliziwa kwa 2K na diski yake ya 4K ni kati ya zile naziweka kwanza mgeni akija, kwasababu ya ule moto, zile rangi za jangwa, bluu ya usiku, na data nyingi inayoruhusu vumbi libaki vumbi. Undani wa pikseli haujaongezeka sana ila picha imebadilika. Lakini kama muvi ya 2K ni ya kuongea tu, ofisini na sebuleni, mwanga wa kawaida, na Blu-ray yake ni nzuri, mimi sinunui tena.

Kundi la tatu ni dogo ila lipo: muvi zilizozaliwa kwenye kamera za kiwango cha chini. 28 Days Later ya 2002 karibu yote ilipigwa kwa kamera ya Canon XL1 ya kaseti za MiniDV, ubora wa kiwango cha DVD. Hakuna diski duniani itakayotoa undani ambao kamera haikuuona, na ule ukwaruzo ndio sura ya muvi yenyewe. Hapo Blu-ray inatosha kabisa.

Na sasa kitu kinachoniuma. Chenga. Mkanda wa filamu umetengenezwa kwa punje za madini ya fedha na rangi, kwahiyo picha yake ina chenga zinazotembea, na hizo chenga ndimo undani ulimo, ukizifuta umefuta na vinyweleo vya ngozi. Kuna studio na wasimamizi wanaoamini mtazamaji wa leo akiona chenga atadhani tivi ni mbovu, wanapitisha programu ya kusafisha, matokeo yake watu wanakuwa kama sanamu za nta. Masta ya 4K ya Terminator 2 iliyotoka 2017 ililalamikiwa sana kwa hilo, na mwaka 2024 zilipotoka diski za muvi za James Cameron, True Lies ndio ilizua kelele zaidi, mana masta ilipitishwa kwenye programu za akili bandia za kuboresha picha na nyuso nyingine zikatoka na mistari isiyo ya binadamu. Kuna wanaozipenda zinavyoonekana safi, siwezi kuwazuia, ila mimi nikiwa na Blu-ray ya zamani yenye chenga zake na diski ya 4K iliyonyolewa, nabaki na Blu-ray. Kwahiyo ukiona muvi ya mkanda kwenye 4K haina chenga hata moja usishangilie, angalia mashavu ya watu na vitambaa vya nguo kwanza.

Haya, tivi. Unaweza ukanunua diski bora ya dunia ukaiweka kwenye kioo kisichoweza, na vioo vya bei ya chini karibu vyote vimeandikwa HDR kwenye boksi. Kupokea HDR na kuionyesha ni vitu viwili. Tivi ya LCD yenye mwanga wa niti 300 hivi na taa za nyuma zinazowaka zote kwa pamoja haina pa kupeleka ule ukali, inachofanya inaukunja mwanga wote ushuke, ndio hapo picha inakuwa ya kiza na mtu anasema HDR ni uongo. Kwa tivi kama hiyo nasema wazi, Blu-ray ya kawaida inaweza kukupa picha inayopendeza zaidi, mana ilipangwa kwa niti 100 na tivi yako inazifikia bila jasho. OLED ni tofauti, kila pikseli inajiwasha na kujizima yenyewe, weusi ni weusi kweli, haihitaji kuwaka sana ili tofauti ionekane, chumba kikiwa na giza hakuna kinachoigusa kwa muvi. LCD zenye taa ndogo ndogo nyingi za nyuma zinazozimika kwa kanda zinawaka zaidi, zinafaa sebule yenye madirisha, ila maandishi meupe kwenye giza yanaweza kuwa na ukungu pembeni.

Watu wanaumiza vichwa kuhusu Dolby Vision na HDR10+, aina mbili za HDR. Kwenye diski za HDR siku zote kuna HDR10, huo ndio msingi, maelekezo yake ya mwanga ni mamoja kwa muvi nzima. Hizo mbili zinaongeza maelekezo ya kila kipande, tivi inajua hapa kuna pango hapa kuna jua. Faida inaonekana zaidi kwenye tivi ya kati kuliko kwenye tivi yenye nguvu, mana yenye nguvu haina haja ya kukunja sana. Tivi za Samsung hazina Dolby Vision, zina HDR10+, angalia yako kabla hujachagua diski kwa ajili ya nembo hiyo. Mimi sijawahi kuacha masta nzuri ya HDR10 nikachukua mbovu kisa ina nembo ya Dolby Vision.

Deki nayo ichunguze. PS5 yenye sehemu ya diski inasoma 4K, Xbox Series X nayo, na Xbox One S ya 2016 pia. PS4 Pro haisomi, licha ya jina lake kutangazwa na 4K kila mahali, watu wengi wamenasa hapo. Na hizo zote, PS5 na Xbox, ukiweka diski yenye Dolby Vision zitakupa HDR10 tu, ukitaka Dolby Vision ya diski tafuta deki yenyewe. Uzuri mmoja, deki za 4K zinasoma na Blu-ray na DVD zako za zamani, hupotezi maktaba, na diski za 4K hazina kufuli za kanda za dunia, zile zinazofanya diski ya eneo moja ikatae deki ya eneo jingine, kama zilivyo DVD na Blu-ray.

DVD nimeitaja, niimalize: pikseli 720 kwa 576 au 480, kwenye tivi ya 4K inakuzwa kupita kiasi, baki nayo kwa muvi ambazo hazipatikani kwingine.

Jambo moja lililonipata mwenyewe nalisema ili lisikupate. Karibu mwezi mzima niliangalia diski za 4K bila HDR na sikujua, nilikuwa nalinganisha na Blu-ray nikiona tofauti kiduchu nikaanza kuamini nimepoteza hela. Tatizo lilikuwa tundu la HDMI. Kwenye tivi nyingi kila tundu lina setingi yake ya kuruhusu ishara kamili ya 4K, jina linabadilika kwa kila kampuni, na isipowashwa deki inaona tivi haiwezi HDR inashusha picha kimya kimya. Siku nilipoiwasha tivi ikaandika HDR pembeni na ule moto ukawa moto. Kwahiyo kabla hujatoa hukumu yoyote, weka diski, angalia kama tivi inaandika HDR, tumia kebo ya kubeba gigabiti 18, alafu nenda kwenye aina ya picha uchague ile ya sinema au Filmmaker Mode kama ipo. Zima ile setingi ya kulainisha mwendo, inayotunga fremu zake yenyewe na kuifanya muvi ya fremu 24 ionekane kama tamthilia ya studio. Shusha na unoaji wa picha, mana unoaji unachora kingo nyeupe kuzunguka kila kitu na ukiwa umewashwa strimu na diski zinafanana kwa ubaya.

Na diski za tabaka tatu ni nyepesi kuumia kwa alama za vidole. Mimi moja iliganda katikati ya muvi, picha ikakatika kwenye viboksi ikasimama kabisa, nikadhani deki imekufa, kumbe ni alama ya dole gumba kwenye ukingo wa nje. Kitambaa laini kikavu, futa kutoka katikati kwenda nje, ikasoma.

Hivi ndivyo ninavyochagua sasa. Muvi ya mkanda ninayoipenda, imeskaniwa upya kutoka kwenye negativu na chenga zake zipo: diski ya 4K, hata kama Blu-ray ninayo. Muvi mpya ya kuona mara moja: nastrimu, basi. Muvi ya 2K yenye moto, anga, usiku, rangi: 4K ikishuka bei. Muvi ya 2K ya maongezi: Blu-ray niliyonayo inakaa palepale. Mdogo wangu ameshanunua tivi yake, inchi 65, OLED, kochi lake liko mita 2, na wiki iliyopita alinipigia simu usiku kuniambia ameona nyuzi za shati.